Kondensa ya Shilingi Ishirini

Mwalimu wetu wa Kiswahili hukasirika tukianza insha kwa methali, kwa hivyo mimi nitaanza kwa trekta.

Trekta lenyewe lilikuwa la babu yangu. Tangu kabla sijazaliwa lilikuwa limeegeshwa nyuma ya boma letu huko Bahati, kaskazini mwa mji wa Nakuru, na kuku walikuwa wamelifanya nyumba yao. Lilikuwa Fordson Major, ile aina ya E27N iliyoundwa Dagenham kule Uingereza kati ya mwaka wa 1945 na 1952. Babu husema lilipokuwa jipya lilikuwa la buluu na magurudumu ya rangi ya machungwa. Mimi niliikuta rangi moja tu, nayo ni kutu. Babu alikuwa dereva wake kabla ya kuwa mwenyewe. Alililimia mzungu ngano na mahindi, na mwaka wa 1964, mzungu huyo alipouza shamba na kwenda zake kama walivyofanya wengi baada ya uhuru, babu alilinunua kwa akiba yake yote. Nyanya husema walikula mboga bila chumvi mwaka mzima kwa ajili ya chuma hicho.

Sasa, Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Agosti, baba mdogo aliwasili na mgeni. Mgeni yule alilizunguka trekta kama mtu anayemkagua ng'ombe mgonjwa sokoni. Aligonga hapa, akagonga pale, akachukua simu akapiga hesabu. "Karibu tani mbili," akasema. "Naja na lori Jumamosi."

Kumbe alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu! Nilipigwa na butwaa, lakini sikulaumu. Babu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alikuwa ameshasema atafanyiwa upasuaji, tena ni jambo la kawaida, ila pesa hazikuwepo. Trekta lilikuwa chuma tu. Baba mdogo alikuwa amepiga hesabu yake vizuri, na ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkongojo katikati ya magoti. Kwanza alimwuliza yule mtu kama ana leseni, kwa sababu tangu biashara ya vyuma chakavu ipigwe marufuku Januari 2022, watu walipokuwa wakiangusha milingoti ya stima, na kufunguliwa tena mwezi wa Mei mwaka huo, babu huona kila mwenye lori ni mshukiwa. Leseni ilikuwepo. Babu akanyamaza kidogo, halafu akasema:

"Mimi siuzi maiti. Injini hiyo haijafa, imezirai tu. Nipeni mpaka Jumamosi. Ikiwaka, nitauza trekta kwa bei ya trekta. Isipowaka, uzeni kilo zenu."

Baba mdogo alicheka. "Mzee, na nani ataiwasha? Wewe huoni."

"Bibi yangu anaona," babu akajibu.

Bibi yake ni mimi. Nimepewa jina la nyanya, na kwa utani wetu babu huniita bibi yake, nyanya naye huniita mke mwenza. Basi hivyo ndivyo nilivyoajiriwa kuwa macho ya babu, mshahara hakuna.

Mchana ule ule tulianza. Nilifukuza kuku, nikatoa viota vitatu na mayai manne. Babu aliketi karibu na gurudumu la mbele akaniongoza kwa mdomo. Kwanza nizungushe hendeli nione kama injini imeshikana. Haikuwa imeshikana. Hata hivyo alinionya kwa ukali kwamba kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, nisikumbatie hendeli kama mwiko wa ugali, kwa maana injini ikirusha teke nyuma itanivunja mkono. Aliwahi kumwona mwenzake akivunjika hivyo.

Halafu tukatoa plagi moja, nikailaza juu ya injini ikiwa bado imeunganishwa na waya wake, nikazungusha. Babu hakuuliza kama nimeona moto. Aliuliza, "Ni rangi gani?"

Ilikuwa cheche ndogo, ya manjano, nyembamba kama uzi. Tena mara inakuja, mara haiji. Babu akatikisa kichwa. Moto mzuri, alisema, ni wa buluu na unalia *ta!* ukiruka. Huu wa manjano hauwezi kuwasha hata sigara.

Hapa, msomaji mpenzi, itanibidi nikueleze magneto ni kitu gani, la sivyo utanipotea. Magari tunayopanda leo hupata moto wa plagi kutoka kwa betri. Trekta la babu halikuwa na betri wala haja ya betri. Lina magneto, yaani kisanduku cha chuma kinachozungushwa na injini yenyewe, na ndani yake mna sumaku na koili. Sumaku ikizunguka karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya. Jambo hilo liligunduliwa na Michael Faraday mwaka wa 1831. Koili ni mbili, moja juu ya nyingine. Ya kwanza ina waya mnene wa mizunguko michache, ya pili ina waya mwembamba kama unywele wa mizunguko maelfu. Umeme wa koili ya kwanza unapokatwa ghafula, ile ya pili huruka maelfu ya volti, na hizo ndizo huruka kwenye plagi. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyotoa magneto ya namna hii ya volti nyingi mwaka wa 1902. Usifikiri ni mambo ya makumbusho tu. Msumeno wa kukata miti wa petroli huwashwa na magneto, na zile ndege ndogo za injini ya petroli huwa nazo mbili kwa kila injini ili moja ikifa nyingine ibaki.

Kinachokata umeme ni pointi mbili ndogo zinazogusana na kuachana. Na ubavuni mwa pointi hizo hukaa kondensa. Nilipofungua kifuniko nikaona pointi zimeungua, nyeusi tititi, nilifurahi kuliko inavyofaa. Kwa nini? Kwa sababu kondensa ya makanika ndiyo kapasita ya darasani! Tulikuwa tumeisoma muhula uliopita. Induksheni ya umeme ni ya kidato cha nne, sijaifikia ila kwa kuchungulia kitabu cha mtu, lakini kapasita ni yetu sisi wa tatu. Pointi zikiachana, umeme hutaka kuruka lile pengo kama cheche, na kazi ya kapasita ni kuupokea umeme huo ili ukatike upesi. Kapasita ikifa, cheche inarukia kwenye pointi badala ya kurukia kwenye plagi. Pointi zinaungua, plagi inapata makombo.

Nilimweleza babu yote hayo bila kuvuta pumzi. Akasema, "Eeh. Sisi tulikuwa tunasema tu kondensa imekufa."

Nyanya alitoa shilingi elfu mbili kutoka kwa pesa zake za maziwa. Alizihesabu mara mbili na akanipa bila neno. Jumanne asubuhi nilipanda matatu kwenda Nakuru, nauli mia moja.

Babu alikuwa amenituma kwa fundi mmoja wa jua kali ambaye kazi yake ni kusuka upya koili za mota. Mzee mwenyewe, ovaroli yake imeloa vanishi. Nilimweleza. Akauliza, "Magneto ya nani?" Nikasema kibao cha jina kimesagika, hakisomeki. "Umeileta?" Sikuwa nimeileta. "Kondensa ya zamani?" Nayo niliiacha nyumbani. Akaniangalia kwa huruma.

"Sasa mimi nitachaguaje dawa na mgonjwa yuko Bahati? Lete magneto yote Alhamisi, kesho sipo. Usinunue kitu kabla sijaiona. Magneto zingine kondensa inazunguka pamoja na koili, zingine imekaa kando. Zingine zina sumaku ya kizamani, ukichomoa kitu ndani bila kuweka chuma cha kuziba, sumaku inapoteza nguvu. Usiguse. Lete."

Haya ni maneno ya busara, sivyo? Mimi niliyasikia kama maneno ya mtu anayetaka pesa. Alhamisi! Jumamosi lori linakuja! Tena kondensa yetu ilikuwa imekaa kando, nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Na jambo moja zaidi, ambalo naona aibu kuliandika: nilitaka kurudi nyumbani nikiwa nimeweza.

Nikaenda kwenye duka la vifaa vya redio. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kondensa za namna hii huwa na uwezo wa kama mikrofaradi 0.2. Nikaomba 0.22. Kijana wa duka akatoa kisanduku kidogo cha plastiki chenye miguu miwili, ukubwa wa punje ya mahindi, shilingi ishirini. Nikanunua mbili, moja ya akiba. Nilijiona profesa. Kisha nikaingia duka la spea za magari nikanunua waya za plagi, seti nzima, nyekundu, zinang'aa, shilingi elfu moja na mia mbili, kwa sababu zile za trekta zilikuwa za kitambaa na zimepasuka kila mahali. Muuzaji alinihakikishia kuwa ni za kisasa kabisa.

Nilipofika nyumbani babu aliuliza, "Fundi amesema nini?"

"Amesema tuweke hizi," nikajibu.

Hivyo tu. Maneno matatu. Sikuwa hata nimeyapanga.

Jumatano nilipiga msasa pointi mpaka zikawa nyeupe, nikaunganisha kapasita yangu kwa waya na utepe mweusi, nikafunga waya nyekundu. Zile waya zilinisumbua. Mahali pa kuzishika kwenye magneto pana skurubu yenye ncha kali inayochoma waya ubavuni, na kila nikikaza, waya inakuwa kama haishikwi. Nilikaza kwa nguvu zangu zote. Babu alimimina petroli kidogo, maana injini hizi huwashwa kwa petroli na zikishapata joto hubadilishiwa mafuta ya taa. Nikazungusha hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tano ilikohoa. Ya tisa...

Jamani! Sijui niseme nini. Ilipiga kelele ambayo kuku wa majirani hawajaisahau. Moshi ulitanda, vumbi la miaka likaruka, watoto wakaja mbio kutoka kila njia. Nyanya alitoka jikoni na mwiko mkononi akapiga vigelegele. Na babu, mzee asiyeona, alisimama bila mkongojo wake akaweka viganja viwili juu ya boneti, na machozi yakamtiririka njia mbilimbili. Alikuwa akisema kitu lakini kwa kelele zile sikukisikia.

Dakika kumi. Labda kumi na moja. Kisha injini ikaanza kupiga chafya, ikakosa pigo moja, ikakosa mawili, ikazimika. Nikazungusha hendeli mpaka viganja vikatoka malengelenge. Haikuwaka tena. Nilipofungua kifuniko, pointi zilikuwa nyeusi kama nilivyozikuta.

Babu alirudi kwenye kigoda polepole, akipapasa njia. Alikaa kitambo. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Yule fundi nilimjua akiwa kijana. Sikudhani angeuzia mtoto takataka. Amekuwa mwizi siku hizi."

Nilikuwa nimeshika spana. Ningesema wakati huo. Ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Jioni baba mdogo alipopiga simu kuuliza habari, babu alimwambia vivyo hivyo, kwamba fundi fulani ni mwizi, akamtaja kwa jina, na baba mdogo akasema atawaambia wengine. Hapo ndipo tumbo lilipoanza kuniuma kwelikweli. Sikulala. Nilisikia jogoo wa kwanza na wa pili, na wote wawili walikuwa wakilalia lile trekta.

Alhamisi asubuhi nilitoa magneto. Kabla ya kuitoa niliweka alama kwa rangi ya kucha ya binamu yangu mahali inaposhikana na injini, ili niirudishe pale pale, kwa sababu ikirudi imegeuka jino moja tu moto utakuja wakati usio wake. Niliitia ndani ya kiondo, nikaifunika kwa leso. Nilimwambia babu naenda kuuliza fundi. Akasema, "Mwambie arudishe pesa."

Fundi alikuwepo. Niliweka kiondo mezani, nikamweleza kila kitu, pamoja na lile la wizi. Nilitegemea angefoka. Hakufoka. Alivuta kiti akakaa na kuniangalia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Kwa hivyo huko Bahati mimi ni mwizi."

"Ndiyo, mzee."

"Tangu lini?"

"Tangu jana saa saba."

Alicheka kwa pua. Kisha akatoa mita yake. Alichukua ile kapasita ya akiba, ndugu ya ile iliyokufa, akaipima uwezo. Mita ilisoma 0.22, kama nilivyojua. Nilianza kupumua. Halafu akatoa chombo kingine chenye mshale, kile cha kupimia kama waya za mota zinavuja, kinachotoa volti 500, akakiunganisha kwenye miguu miwili ya kapasita yangu. Mshale uliruka, ukatetemeka, ukaanguka hadi sufuri. Imekwisha.

"Uliuliza inabeba kiasi gani," akasema. "Hukuuliza inabeba kwa nguvu gani. Pointi zikiachana, hiyo koili ya kwanza yenyewe inarusha volti mia mbili, mia tatu. Hii imezoea kazi ya redio. Umempa mtoto wa nasari gunia la mahindi. Alibeba hatua kumi, ukashangilia."

Akachukua mkebe wa kahawa uliojaa kondensa za zamani, zile za kopo la chuma zilizokuwa kwenye magari ya pointi, Peugeot 504 na wenzake. Alizipima moja moja. Nyingine zilikuwa zimekufa, nyingine zilivuja kidogo, akazitupa upande. Ya saba au ya nane ilisoma 0.21, na kwa volti 500 mshale haukuanguka. Akaipasha moto kwa hewa ya bunduki ya kuchomelea plastiki, kwa mbali, akapima tena, kwa sababu alisema kondensa nyingi husema ukweli zikiwa baridi na hudanganya zikipata joto la injini. Hiyo nayo haikuanguka. Kopo lake halikulingana na nafasi ya magneto yetu, kwa hivyo alikata kipande cha bati, akakikunja, akatoboa tundu, akasugua rangi mahali pa kugusana ili chuma kishike chuma. "Kutoshea si kazi," alisema. "Kutoshea naweza kukutengenezea. Lakini hii ya ndani siwezi kukutengenezea."

Waya zangu nyekundu alizikata kipande akanionyesha katikati. Badala ya shaba mlikuwa na uzi mweusi wa kaboni. Zimetengenezwa hivyo makusudi, ili redio ya gari isipige makelele, na kwa gari la kisasa ni sawa kabisa. Lakini kila mita ya uzi huo huzuia umeme kwa maelfu ya omu, na magneto inayozungushwa kwa mkono haina moto wa kugawa. Tena ile skurubu yenye ncha lazima ichome shaba ndipo ishike. Kuchoma kaboni ni kuchoma hewa. Nilirudi dukani kuomba wanirudishie pesa. Mali iliyokatwa hairudishwi. Nilijua.

Pointi hakutaka nibadilishe. Mimi nilidhani kwa kuwa zimeungua lazima zitupwe, lakini alizitazama kwa lenzi akasema bado zina nyama, na pointi za zamani nzuri ni bora kuliko mpya ambazo hujui zimetoka wapi. Alizinoa kwa jiwe laini mpaka nyuso mbili zikalala sawasawa, akaweka pengo la milimita 0.3. Koili aliipima, ilikuwa hai. Hilo ndilo lililotuokoa, kwa sababu angelazimika kuisuka upya na Jumamosi ingepita. Nilimwuliza pia kuhusu wazo la baba mdogo la kutupa magneto na kuweka betri na koili ya gari. Alisema linawezekana, wengi hufanya, ila sasa utahitaji betri, na trekta la babu halina kitu cha kuichaji, na mnunuzi akija atauliza magneto iko wapi.

Tukaja kwenye pesa. Nilikuwa nimebaki na mia tatu na sitini, nikiondoa nauli ya kurudi. Waya ya shaba ilikuwa shilingi mia moja ishirini kwa mita, na nilihitaji mita tatu. Hesabu ikaisha hapo hapo. Kondensa je? Na kazi ya asubuhi nzima?

Fundi alifunga magneto ndani ya gazeti. "Hii utalipa ukimwambia mzee wako nani alinunua ile takataka. Na huyo mwingine aliyepigiwa simu pia."

Safari ya kutoka Nakuru hadi Bahati haijawahi kuwa fupi namna ile.

Nilimwambia babu jioni, nyanya akiwepo, kabla sijafungua kiondo. Nilisema fundi alinikataza kununua, nikanunua. Nilisema nilidanganya. Babu hakusema kitu. Alinyoosha mkono nikadhani ananitafuta anichape, kumbe alikuwa anatafuta simu. "Nipigie huyo," akasema. Nikapiga nambari ya baba mdogo na babu akamwambia, kwa Kikuyu na kwa kirefu, kwamba aliyosema jana kuhusu fundi ayafute, na kwamba aliyekosea yuko hapa na atamwambia mwenyewe. Akanipa simu. Baba mdogo aliniuliza swali moja tu: "Elfu mbili za maziwa?" Nyanya aliinuka akaenda kuzima jiko. Hakuniita mke mwenza kwa siku kadhaa baada ya hapo.

Ijumaa ilinyesha tangu asubuhi. Tulifanya kazi chini ya karatasi ya plastiki. Rangi ya kucha ilikutana na rangi ya kucha. Nilikosea tena, mara hii kwenye mpangilio wa waya: niliziunga 1, 2, 3, 4 kama mtu anayehesabu, na injini ikapiga mlio mmoja wa bunduki kupitia bomba la moshi. Babu, aliyekuwa hajanisemesha tangu jana, akasema, "Moja, mbili, nne, tatu." Nikabadilisha. Tulipima moto wa plagi kwenye giza la jioni. Ulikuwa wa buluu, na ulilia.

"Unalia," babu akasema kabla sijasema.

Jumamosi iliwaka mara ya tatu ya hendeli. Baada ya dakika kumi nilishika tama. Dakika ishirini. Tukafungulia mafuta ya taa, moshi ukabadilika harufu, mlio ukashuka ukawa mzito na wa polepole. Dakika arubaini. Niliweka mkono karibu na magneto, ilikuwa moto kama sufuria ya chai, na bado inafanya kazi. Lori la vyuma lilifika likasimama langoni. Yule mtu alishuka, akasikiliza, akamtazama baba mdogo. Baba mdogo alitazama viatu vyake. Halafu akavua koti, akapanda kwenye kiti cha trekta, akamwuliza babu klachi ni ipi.

Liliuzwa wiki tatu baadaye kwa mkulima wa upande wa Dundori anayetaka kuliendeshea mashine ya kukata majani ya ng'ombe kwa mkanda. Sitataja bei, nyanya amenikataza, lakini ilitosha jicho moja na nusu ya la pili. Nilikuwa shuleni siku waliyolichukua. Nilikuta tu mraba wa udongo mweusi mahali lilipokuwa, na kuku wakitembeatembea kama waliofukuzwa.

Babu alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi wa Oktoba. Alipofunguliwa bandeji na kupewa miwani, siku mbili tatu alikuwa akitazama vitu tu: majani, mikono yake, sura ya nyanya, ambayo alisema imezeeka bila ruhusa. Jumapili alasiri akaniita.

"Bibi yangu. Lete ile takataka."

Nilijua anasema nini. Ile iliyoungulia kwenye trekta nilikuwa nimeihifadhi katika mkebe wangu wa hesabu, pamoja na bikari. Nikampa. Akatoka nayo juani, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaigeuza, akapangusa miwani kwa shati, akaisogeza tena.

"Sufuri nukta mbili mbili," akasoma polepole. Akaigeuza upande wa pili. "Sitini na tatu. Hii ni nini, V?"

"Volti, Guka."

"Sasa si imeandikwa hapa?"